Jeneza la Malkia wa Zamboroka

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo,
Dar es Salaam.
Agosti, 1976.

Marahaba, mwanangu Hamdiya. Najua shikamoo yako imo kinywani, nimeijibu kabla haijafika ili tusipoteze karatasi. Hujambo wewe huko Tabora? Na mumeo Abbasi, mgongo wake umepata nafuu, au bado anatembea ameinama kama mtu aliyeangusha sindano? Mwambie mabehewa ya reli yalikuwapo kabla yake na yatabaki baada yake, asijitie kuyasukuma peke yake. Watoto je, wanakula? Sisi huku wazima kwa rehema za Mungu. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Unga tunapanga foleni, sukari tunapanga foleni, na juzi nilipanga foleni mpaka nikafika mbele, nikaambiwa hiyo ilikuwa ya betri. Soko jipya la zege limekwisha zoeleka, watu wanateremka chini ya ardhi kununua vitunguu. Mimi siteremki. Nitateremshwa siku yangu ikifika, sina haraka.

Tena ujue barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe. Kisomo cha watu wazima nimemaliza, cheti ninacho, nimekitundika juu ya picha ya marehemu baba yako ili naye aone. Ukikuta herufi zimelala, huo ni uzee wa vidole.

Sasa nije kwenye neno. Najua mwanao Bakili amekwisha kukuandikia, na alichoandika nakijua bila kukisoma: bibi kamharibia kazi, bibi kamfukuza nyumbani. Sikumfukuza. Godoro lake alilifunga kamba mwenyewe, akaenda kupanga chumba Buguruni kwa mafundi magari, mahali ambapo hata kuku wananuka oili. Lakini kazi yake ni kweli ilisimama, na iliyoisimamisha ni kauli yangu. Basi sikia kwangu tangu mwanzo, ndipo ukasirike. Mwishoni kuna ombi pia. Usirukie mwisho, nakujua.

Unakumbuka Bakili alikuwa anachora mabango ya maduka, kinyozi hapa, fundi cherehani pale. Akaonwa na Eliakimu, yule Mchaga mwenye duka la madaftari na karatasi kule Mchafukoge. Eliakimu ana mgeni wake, mtu mweusi kama sisi lakini Mmarekani, aliyekuja nchini kufundisha. Mgeni huyo anataka kitabu cha hadithi za picha, cha shujaa wa Kiafrika mwenye nguvu za ajabu, anayeruka bila mbawa na kudaka risasi kwa kiganja. Kitoke hapa kwanza kwa Kiswahili, halafu akipeleke kwao kwa Kiingereza. Eliakimu atoe karatasi na kupiga chapa, Bakili achore. Mwanao alifurahi mpaka akawa hali. Nami nilifurahi, sikatai, mpaka nilipomwona mgeni mwenyewe.

Jina lake anajiita Jabali. Nilimuuliza nani aliyempa, akasema amejipa. Mtu mzima na ndevu zake anajipa jina! Hata paka huwa anaitwa na mwenye nyumba. Akaniita Mama Afrika, nikamwambia mimi ni mama Hamdiya, huyo mwingine akamtafute kwake. Bakili aliyekuwa anatafsiri sijui alitafsiri nini, maana mgeni alicheka akanishika mikono yote miwili. Viganja laini. Nikajiambia, Nunu, huyu mtu ana lake.

Basi nchi ya shujaa inaitwa Zamboroka. Niliuliza iko upande gani, nikamuuliza hata Muhiddin wa malori aliyefika mpaka Zambia, akasema hajaipitia. Bakili akaniambia haipo, bibi, ni ya kubuni, tumeitunga ili pasiwe na kabila la kununa. Nikamwambia basi ni uongo. Akaniuliza, nilipokuwa nikimsimulia sungura na fisi, je, niliwahi kumtajia wilaya yao? Sikukubali. Nchi isiyo na mahali inaweza kubandikwa mtu yeyote. Siku moja unaamka unakuta umebandikwa wewe.

Candida alipoisikia habari hiyo alisema Zamboroka lazima iwe Uzaramoni, kwa kuwa katika picha zote hakuna anayefanya kazi. Candida humsahau, ni yule Mnyamwezi wa chumba cha mbele anayeuza asali ya Tabora, aliyekufunga tumbo ulipomzaa Bakili. Nikamjibu ingekuwa Unyamwezini kila mtu angechorwa na mzigo kichwani, hata mfalme. Tukacheka. Ndivyo tulivyo tangu alipopanga hapa. Wewe umekulia humu, huna haja ya kufundishwa: Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi. Mtani akikutukana huna ruhusa ya kununa. Nawe ukifa, yeye ndiye anayekaa mlangoni amevaa nguo zako, anaigiza mwendo wako na ukali wako mbele ya waombolezaji, na jeneza halitoki mpaka apewe chake. Hata sheikh akikunja uso, anangoja.

Picha zenyewe nilionyeshwa. Hamdiya, kila mtu kavaa ngozi ya chui. Nikauliza chui hao waliwindwa na nani, na kama msituni amebaki hata mmoja wa kuzaa. Ikulu ya dhahabu mpaka ngazi. Wanawake shingo ndefu, wamesimama wima kama wanapigwa picha ya pasi ya kusafiria. Ngao za Kimasai, kofia sijui za Wazulu, na nyuma kabisa mlima wa pembe tatu ambao Bakili alisema ni wa Misri. Nikasema mchuzi huu umetiwa kila kitu isipokuwa chumvi. Nikauliza jiko liko wapi. Jabali akaandika katika karatasi yake, na mara nyingine alipokuja jiko lilikuwepo. Nalo la dhahabu. Bakili alikuwa ananiangalia kwa pembe ya jicho, akijizuia kucheka, na nikaelewa kuwa dhahabu haikuwa ya kwake.

Kisha yakaanza maswali. Jabali anakaa barazani kwangu, kahawa yangu anakunywa, anauliza kwenu mnaozaje, mtoto akizaliwa mnafanyaje, mtu akifa mnazikaje. Nikamwambia Bakili, mtu anayeuliza unazikaje anataka kumzika nani? Akasema anataka tu isije ikawa hadithi ya uongo. Nikasema si mlisema nchi ni ya kubuni? Akashika kichwa. Siku ile nilianza kulala na funguo za sanduku langu kiunoni.

Haya. Asubuhi moja Bakili ametoka, nikaingia chumbani kwake kufagia. Usiulize kwa nini nilifagia juu ya meza. Kulikuwa na ukurasa mmoja mkubwa, wino wake haujakauka vizuri. Malkia wa Zamboroka, mama yake shujaa, amekufa. Katika picha ya juu amelazwa juu ya kitanda cha kamba, na uso ni wangu.

Sikudhani, mwanangu, niliona. Pengo langu la mbele. Kidevu changu, ambacho baba yako alikuwa anakiita kisigino. Fimbo yangu ya mkwaju imeegemezwa ukutani, na ukutani hapo hakuna dhahabu, ni udongo umepakwa chokaa, na mlango ni huu huu wangu wenye ubao uliopasuka. Picha zote nyingine ni za Jabali, hii ilikuwa ya nyumbani. Na katika picha ya chini, mlangoni amekaa kikongwe wa kike amejifunika kanga ya marehemu mpaka puani. Shujaa, Kimbunga jina lake, yule anayedaka risasi, amebeba jeneza la mama yake na hawezi kupita. Anaweza kuinua tembo lakini kikongwe yule hawezi kumsogeza. Na kikongwe amenyoosha kidole anaigiza maneno ya marehemu: “Mwizi, nimekuona!”

Unajua maneno hayo. Kila Magharibi nikifunga mlango wa mbele nayasema kwa sauti, hata barabara iwe tupu, kwa sababu mwizi akisikia ameonwa hujiona. Nayasema mlango ukiwa umekwisha fungwa nusu. Nani aliyatoa nje? Bakili siku zile Magharibi ilikuwa haimkuti nyumbani, alikuwa kwa Eliakimu. Na nani aliyemtuma anichore maiti nikiwa hai? Mtu akitaka kukumaliza huanza kwa kuchukua unyayo wako au ukucha wako, na huyu kachukua uso mzima.

Nilimshuku Jabali. Nilimshuku kwamba ameficha chombo cha kunasa sauti. Nikapekua mvunguni, nikapekua kwenye mtungi, nikaishusha hata saa ya ukutani nikaitikisa. Haijatembea mpaka leo. Nilimshuku Eliakimu, kwamba anauza nyuso za watu pamoja na karatasi. Nilikushuku wewe pia, Hamdiya, usinune, maana unayajua maneno yale na unaandikiana na Bakili. Nikaenda kwa Awadhi, mjumbe wetu wa nyumba kumi, nikamwambia kuna mgeni anaulizauliza jinsi tunavyozika, huenda katumwa na mabeberu. Awadhi akavaa kofia yake, akamwendea Jabali, akamtaka karatasi zake mbele za watu. Karatasi zote zilikuwa sawa, zina mihuri. Yule mtu alizitoa kwa heshima, moja moja, kisha akaviweka viganja vyake wazi mahali Awadhi anapoviona. Baadaye Bakili alinieleza kwamba kwao mtu mweusi akisimamishwa barabarani kuulizwa karatasi huwa haijulikani kama atafika nyumbani. Hilo nililisikia, nikalitia kando.

Akaja mwenyewe, Jabali, pamoja na Eliakimu na Bakili, tukakaa barazani. Kumbe ukurasa ule ulikuwa umezusha ugomvi kwao pia. Jabali alikuwa hataki. Alisema, na Bakili akitafsiri hakupunguza kitu, kwamba kule kwao vitabu vya picha vinamchora mtu mweusi kama nyani, midomo mikubwa, anachekacheka, anachekesha. Kwamba ana binti mdogo aliyemwacha kwa mama yake, na amevuka bahari kutafuta kitabu kimoja tu ambacho mtoto yule atakifungua akute watu weusi wamesimama wima, wana nchi yao, hakuna wa kuwacheka. Sasa Bakili anamletea mazishi ya malkia ambapo bibi kizee anafanya mzaha juu ya maiti. Watasema ndiyo hao Waafrika, hata kifo hawakiheshimu. Eliakimu naye akasema kwao Kilimanjaro watani wapo, yeye binafsi anawajua Wapare fulani, lakini si jambo la kuwekwa kitabuni wateja wakaliona.

Bakili akasema ndiyo ukurasa pekee katika kitabu kizima ambao hakuubuni. Kwamba mashujaa wa kudaka risasi wako wengi, lakini shujaa anayesimama kwa adabu mbele ya mtani wa mama yake huyo hajachorwa popote, na huyo ndiye wa kwetu. Akasema ukiutoa huo, Zamboroka inabaki ngozi za chui tu.

Basi Jabali akanigeukia. Akaniuliza mimi kama mwenye mila, mzee wa nyumba: je, ni kweli? Watu wenu hufanya hivi? Akasema nikisema ni kweli ataukubali, nikisema si kweli utaondolewa. Neno moja.

Wote wakanitazama. Candida alikuwa dirishani kwake anamimina asali, naye aliacha kumimina. Na mimi, Hamdiya, moyoni nilikuwa na uso wangu juu ya kitanda cha kamba, na mgeni mwenye viganja laini, na mwizi asiyejulikana aliyetoa maneno yangu nje. Nikasema hapana. Nikasema sisi tunazika kwa kimya na kwa heshima, aliyemwambia Bakili hayo kamdanganya, na kijana mwenyewe hajui, kakulia mjini.

Bakili hakubishana. Aliniambia tu, Bibi, muogope Mungu. Akachukua ukurasa wake, na jioni ile akafunga godoro. Kesho yake nikasikia amekataa kuchora tena, Jabali amekataa ukurasa, na Eliakimu amezuia karatasi, anasema hawezi kupigia ugomvi chapa. Nikajiambia vizuri, imekwisha. Nikafunga mlango, nikasema maneno yangu, nikaona nasema na ubao.

Sasa sikia jambo lililonitia hofu kuliko yote. Asubuhi yake Candida alipita uani amebeba ndoo, akasimama, akaniambia habari za asubuhi, mama, umeamkaje. Kwa adabu, na macho ameyateremsha. Nikamwambia wewe mpagazi, umekunywa nini? Akasema ahsante, mama, siku njema. Siku ya pili vilevile. Kanibandikia chai. Kaniuliza goti. Hamdiya, mtani akikusalimu kwa adabu ujue jambo limeharibika. Nilijitazama kwenye kioo nione kama nimekwisha kufa na sijaambiwa. Nikamtukana matusi mapya kabisa, niliyokuwa nimeyahifadhi kwa sikukuu ya Idi, akasema nimekosa nini, mama, unisamehe. Nikaacha kunywa chai yake. Nikasema huyu naye yumo, wote wamo.

Siku ya tatu nikavumilia nikashindwa. Nikaingia chumbani kwake bila hodi nimfume na hirizi. Nikamkuta amekaa chini kati ya vitu vyake, sanduku la bati liko wazi, anafunga vikombe kwa magazeti. Chumba kimekuwa kikubwa, kitupu. Nikamuuliza unahamia wapi, Buguruni na wewe? Akasema anarudi kwao. Kaka yake amejengewa katika kijiji cha ujamaa, si mbali na Tabora mjini, na kuna chumba chake. Kifua chake kimekwisha, nilikuwa nakisikia kinakoroma nikamcheka kwamba ni mbuzi wa mahari. Daktari amemwambia asichukue vitu vingi, kwa upole hivyo tu, naye akaelewa. Anataka kulala karibu na mama yake.

Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Akasema alitafuta tusi la kuniagia akalikosa, na bila tusi hakujua aanze vipi, ndiyo maana ikamtoka ile adabu.

Halafu akasema la ukurasa. Ni yeye. Ni yeye aliyemwita Bakili asubuhi kabla hajaenda kazini, akamwambia mjukuu wangu, chora. Akamkalia kwenye kigoda mlangoni, akajifunika kanga yangu niliyokuwa nimeianika, akamwigizia mimi yote, mkono kiunoni, kidevu, kidole, na mwizi nimekuona, maana anayasikia kila Magharibi kupitia ukutani. Na aliyejifunika mpaka puani katika picha ni yeye. Nilikuwa sikuitazama miguu. Ile miguu mikubwa ya njia ndefu, nimeicheka maisha yangu yote, sikuitambua.

Alisema hivi, na nakuandikia kama alivyosema: Nunu, wewe utakufa hapa na mimi nitakuwa kule, au mimi nitatangulia. Vyovyote, siku yako mlangoni patakuwa hapana mtu. Watakutoa kimyakimya kama mzigo wa dukani. Nikaona bora nikulipe mapema, mahali ambapo watu wataniona nimekaa, hata nikiwa sipo.

Nami nilikuwa nimekaa barazani, mbele yake, yeye dirishani na asali mkononi, nikasema hatuna jambo kama hilo.

Hilo ndilo la kukiri, mwanangu, na nimelikiri. Nilitafuta mwizi kwenye saa na mtungi. Nisingelisema hivi mbele ya mtu, ila karatasi haina macho.

Leo mchana ndiyo mkokoteni ulikuja kuchukua sanduku, kwa kuwa mizigo mikubwa stesheni wanaitaka siku moja kabla. Nilikuwa nimetuma neno Buguruni kwamba Candida anaondoka, sikusema zaidi. Bakili akaja, na nani nyuma yake kama si Jabali, amekunja mikono ya shati, amekuja kusaidia kubeba. Eliakimu naye akasimama ng'ambo, anajifanya anapita. Wakalitoa sanduku, wakalipandisha.

Nikaingia ndani, nikatoka nimevaa koti la Candida. Lile la sufu la marehemu mumewe, analolivaa hata Januari akisema Dar kuna baridi ya baharini. Nikajitwika kopo la asali kichwani. Nikaenda kwa mwendo wake, miguu imetupwa nje kama anakanyaga moto, nikazunguka mkokoteni, nikatia kidole asalini, nikalamba, nikafumba macho, nikasema kwa sauti yake kwamba nyuki wa asali hii wamebatizwa na padri mwenyewe. Kisha nikapanda, nikakaa juu ya sanduku. Nikaanza kulia. Nikamlilia Candida kwa sauti, mpagazi wetu, aliyetembea kutoka Tabora na mzigo akasahau kuutua; aliyepima asali kwa kidole ili mteja alipie na kilichobaki kidoleni. Nikasema maiti hii haiondoki Kariakoo mpaka mtani apewe chake. Mwenye mkokoteni akauliza maiti gani. Watu wakatoka madukani. Bi. Siti wa maandazi akapiga kigelegele, halafu akaanza kulia kweli.

Na maiti mwenyewe alikuwa kwenye kizingiti, amekaza uso. Maiti hacheki. Mashavu yanamtetema, kifua kinakoroma. Mwisho akasema marehemu anaulizia koti lake. Basi barabara nzima ikaanguka kwa kicheko, na mimi nikasema, ah, mpagazi wewe, hata kufa umeshindwa.

Alinipa upawa wake wa asali, ule wa mti mweusi. Nikashuka. Jeneza likapita.

Jabali alikuwa amesimama na jasho lake, hajui aweke wapi mikono. Nikamwita. Nikamwambia Bakili atafsiri bila kupamba: siku ile nilikudanganya. Ukurasa ni kweli, ndivyo tunavyofanya, na huyo malkia ni mimi. Kwa lile la Awadhi sikumwomba radhi kwa maneno, nilimwekea kahawa. Aliinywa yote. Kisha akasema bibi yake alipofariki, watu wazima walijifungia jikoni wakawa wanamwigiza anavyokemea, wanacheka mpaka wanashikana, na yeye, mtoto wa shule, aliwaonea aibu, akatoka nje ili wazungu wa jirani wasimwone nao. Hajamwambia mtu. Aliuliza kama jikoni kule nako kulikuwa na mtani. Nikamwambia mimi siijui nchi yako, ila nikiambiwa hivyo, ningeulizia jikoni kwanza kabla ya kujenga ikulu.

Usidhani yote yametengenezeka. Ukurasa utachapwa katika kitabu cha Kiswahili, Eliakimu amekubali ingawa ananung'unikia wino. Cha kwao Jabali hajui. Anasema mwanawe ataelewa, wanaouza vitabu hawataelewa, na bado anaogopa kicheko cha watu wale. Sikumkemea. Mwenye kuchekwa ndiye anayejua kicheko kipi kina meno. Ila Bakili amemwambia dhahabu ya jikoni anaifuta, na amekubali.

Sasa ombi. Aliyekukabidhi barua hii ni Candida. Nimemwambia ni habari za nyumbani tu. Mkaribishe, mpe chumba chenye hewa, alale kwako kabla ya kwenda kijijini. Akiomba umsomee, msomee yote mpaka alipokaa kwenye kizingiti, halafu sema karatasi imeisha.

Ujue nyumba ya kaka yake iko wapi. Nenda ukamtazame, Abbasi asikuambie nauli. Na siku neno likija, Hamdiya, usitume salamu za rambirambi. Wewe ni Mzaramo, nenda ukakae mlangoni. Watu wa kule watakuheshimu wakikuona, wanajua. Vaa koti. Tembea kwa miguu ya nje. Tia kidole asalini na sema habari ya nyuki na padri, watu wa Kariakoo wakiwa hawapo useme kwa niaba yao. Sema alikuwa bahili, sema alikuwa anakoroma. Usilie kabla hujamaliza. Wakikupa kidogo kataa. Huyo si wa kutolewa kimyakimya.

Bakili amerudisha godoro. Jua lilipotua nikawa nimechelewa kusimama kwa ajili ya goti, nikamsikia yuko mlangoni anasukuma komeo, na ubao uliopasuka unalia. Barabara ilikuwa tupu. Akasema kwa sauti yangu hasa, kidevu na vyote: Mwizi, nimekuona. Na kupitia ukutani Candida akaitikia kwa kukohoa na kucheka. Mimi nilijifanya kiziwi.

Nisalimie Abbasi, nisalimie wajukuu kila mmoja kwa jina lake nisije nikanuniwa kwa kumsahau mmoja. Awadhi anakusalimu, Bi. Siti anakusalimu. Karatasi ni ya Eliakimu, nayo imejaa. Mungu awalinde mpaka tuonane, na kama hatuonani, unajua sasa nani atakuwa mlangoni kwangu: kanunue kitabu.

Ni mimi mama yako,
Nunu binti Mrisho,
nimeandika mwenyewe.